Allidina Visram: Mwana wa Kutch aliyeifikisha merikani ukingoni mwa Ziwa Victoria

DESEMBA 20, 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingo wa Ziwa Victoria, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence kwa heshima ya mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa mataruma. Wenyeji walikuwa na jina lao la tangu zamani, Kisumu, lililotokana na desturi ya watu wa sehemu hizo kwenda kubadilishana chakula nyakati za upungufu. Jina la bibi huyo halikudumu. La wenyeji likabaki.

Reli haikuleta wazungu na mabati peke yake. Ilileta pia marobota ya nguo za pamba, na miongoni mwa wafanyabiashara walioyapeleka marobota hayo kando ya ziwa hakuna aliyevuma kuliko Allidina Visram, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia ambaye baadhi ya watu wa zama zake walimwita mfalme wa Uganda asiyekuwa na taji. Wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, na nusu karne hiyo ilikuwa imepita karibu yote katika harufu ya pamba.

Allidina alizaliwa mnamo mwaka 1851 katika mji mdogo wa Kera, jimbo la Kutch, kaskazini magharibi mwa India. Kutch ni nchi kavu. Mvua yake ni ya kubahatisha, na watu wake tangu kale wameitegemea mifugo, bahari na kazi ya mikono. Katika vijiji vyake wanawake walisokota nyuzi majumbani kwa gurudumu, na wanaume wa jamii za wafumaji wakakaa kwenye vitanda vya mfumi wakipitisha mshindio katikati ya mtande, kutwa nzima, mkono baada ya mkono. Jamii nyingine zilikuwa na ustadi wa kutia rangi ya nili na kupiga chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Nguo za pwani hiyo ya India zilikuwa zikivuka bahari kwa majahazi hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa na Kilwa kwa karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana katika bahari hii.

Lakini Allidina alizaliwa wakati mambo yakigeuka. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikiijaza India nyuzi na nguo za mashine, na mwaka 1854, Allidina akiwa bado mtoto wa kuongozwa kwa mkono, mradi wa kwanza wa kiwanda cha nguo kinachoendeshwa kwa mvuke ulianzishwa Bombay na Mhindi mwenyewe. Mfumaji wa kijijini hakuweza kushindana na bei ya mashine. Wengine waliacha kazi ya baba zao wakaenda kulima ardhi isiyokuwa na maji. Wengine wakaelekea mijini. Na kwa vijana wa Kutch kulikuwa na mlango mmoja zaidi, nao ni bandari ya Mandvi, ambako kila mwaka upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma majahazi yalitweka matanga kuelekea Zanzibar.

Mnamo mwaka 1863 Allidina, mwenye umri wa miaka kumi na miwili hivi, alipanda jahazi. Hakuwa na mali. Alifikia katika himaya ya Sultani wa Zanzibar, ambako Wakutch walikuwa tayari na mizizi: kwa miaka mingi forodha ya Zanzibar ilikuwa ikikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch. Kijana huyo aliishia Bagamoyo, bara, mkabala na kisiwa cha Unguja, na huko akaingia katika kazi za Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara aliyekuwa akiwapatia wasafiri wa Kizungu wapagazi, vyakula na bidhaa za njiani.

Shule ya Allidina ilikuwa ghala la Bagamoyo, na somo kuu lilikuwa nguo. Msafara wa bara haukuweza kwenda bila nguo, kwa kuwa nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Kwa nguo ulilipwa ushuru wa hongo kwa watemi ambao nchi zao zilipitiwa. Kwa nguo vilinunuliwa mtama, mihogo na mbuzi. Kwa nguo wapagazi walipewa posho. Mfanyabiashara alipaswa kujua kwamba shuka ni yadi mbili, doti ni shuka mbili, na jora zima ni yadi thelathini. Zaidi ya hayo alipaswa kujua kwamba nchi fulani haitaki ila kaniki, na nyingine inataka merikani tupu, na kwamba rangi iliyopendwa mwaka jana huenda mwaka huu ikakataliwa na msafara mzima ukakwama. Wazungu wengi walioandika kwamba Waafrika wa bara walipokea chochote walichopewa hawakuwahi kujaribu kuwauzia nguo.

Merikani yenyewe ina kisa chake. Jina linaeleza asili: ilikuwa nguo ngumu nyeupe, isiyotiwa rangi, iliyoletwa na mabaharia wa Marekani, hasa kutoka bandari ya Salem, baada ya mkataba wao na Sayyid Said mwaka 1833. Ilidumu njiani, haikuwa na udanganyifu wa wanga mwingi, na watu wa bara waliipenda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kwisha 1865, vilikata mkondo huo, na viwanda vya Manchester na baadaye Bombay vikaingia kuziba pengo. Kwa hiyo Allidina aliingia kazini hasa wakati ambapo merikani ilikuwa ikiacha kuwa ya Marekani. Kufikia miaka ya mwisho ya karne hiyo, nyingi ya merikani iliyobebwa vichwani kwenda bara ilikuwa imefumwa Bombay, na jina likaendelea kuwa lile lile.

Haifai kudhani kwamba nguo hiyo iliwafikia watu wasiojua pamba. Pwani ya Waswahili ilisokota na kufuma tangu enzi za kale. Vigurudumu vya pia za kusokotea uzi vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa na ya Shanga, na Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, alikuta nguo za Mogadishu zikiuzwa hadi Misri. Bara nako, katika njia zile zile za misafara, Wanyamwezi na Wafipa walilima pamba, wakaisokota kwa mkono na kuifuma juu ya vitanda vilivyolazwa chini, nguo nzito iliyoweza kukaa miaka. Nguo hiyo ilikuwa imara kuliko merikani. Ilichukua siku nyingi kutengenezwa, lakini, na jora la Bombay lilikuwa limekwisha kufika, limekunjwa, linangoja. Katika muda wa miaka hamsini hivi vitanda vya mfumi vikapungua, kisha vikanyamaza karibu kila mahali. Kilichowapata wafumaji wa Kutch kiliwapata wafumaji wa Ufipa, na mtoto wa Kutch alikuwa miongoni mwa walioipeleka bidhaa iliyowamaliza. Hakuna dalili kwamba jambo hilo lilimsumbua. Alikuwa mfanyabiashara, na bei ilikuwa bei.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyeshika usukani wa biashara ya misafara. Tayari alikuwa na matawi yake Dar es Salaam, Saadani na hata Ujiji kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Nguo, chumvi na shanga zilikwenda bara. Nta, asali, ngozi na pembe za ndovu zikarudi pwani. Juu ya pembe hizo ni lazima kusemwe wazi kwamba zilikuwa sehemu kubwa ya utajiri wake, na kwamba njia alizozirithi zilikuwa zimetumika kwa miaka mingi kuwashusha watumwa pwani. Watu waliobeba mizigo yake, kila mmoja na kilo thelathini au zaidi kichwani, wengi wao Wanyamwezi, hawamo katika vitabu vya sifa.

Reli ndiyo iliyomhamisha. Wapo wanaodhani kwamba wafanyabiashara wote wa Kihindi wa Afrika Mashariki ni uzao wa makuli waliojenga reli. Maisha ya Allidina yanalikanusha jambo hilo, kwani vibarua wa kwanza wa reli walipoteremka Mombasa mwaka 1896 yeye alikuwa ameishi Afrika kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, wapatao 2,500 walifia kazini, na waliobaki baada ya kazi hawakufikia 7,000. Allidina aliwaona kama wateja. Alifungua duka Mombasa, akaifuata reli kituo kwa kituo akiwauzia vyakula na nguo, hata pale ambapo mataruma yalikuwa hayajakaukiwa na vumbi. Wakati huo huo maduka yake yalikuwa yamekwisha kufika Kampala, kabla ya reli kuona ziwa. Kwa kufanya hivyo aliubana ukanda wote wa katikati kutoka ncha mbili.

Faida ya hesabu hiyo ilikuwa wazi. Kwa vichwa vya wapagazi, kufikisha tani moja ya mzigo kutoka Mombasa hadi Uganda kuligharimu zaidi ya pauni mia moja, na safari ilikuwa ya miezi. Kwa reli mzigo ule ule ulifika Kisumu baada ya siku chache. Jora la merikani ambalo hapo kwanza lilikuwa hazina ya chifu likawa kitu ambacho mlimaji wa kawaida anaweza kukitamani.

Hapo Kisumu, mji wa mabati ulioanza kando ya ghuba yenye mbu na homa, Allidina alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuweka duka. Wajaluo wa ukingo huo hawakuwa wavaaji wa nguo za kufuma. Ngozi zilitosha, na mwanamke aliyeolewa alijulikana kwa mkia wa nyuzi aliojifunga kiunoni. Watu wa pwani waliopita na misafara waliitwa kwa Kijaluo jonanga, watu wa nguo, kwa kuwa nanga kwa lugha hiyo ni kitambaa. (Mswahili aliyelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza bila shaka aliitafuta meli.) Baadaye jina lilihamia kwa wasomi na Wakristo wa misheni, na kujifunga shuka jeupe kukawa ni kutangaza upande uliouchagua.

Si misheni peke yake iliyowavika watu. Serikali ilianza kutoza kodi ya nyumba, na baada ya muda mfupi wa kupokea mbuzi na majembe ikataka rupia. Rupia zilipatikana wapi? Zilikuwa katika duka la Mhindi. Mtu alipeleka ngozi ya ng'ombe au pakacha la ufuta, akapewa rupia. Nyingine akailipa kodi, na iliyobaki, kama ilibaki, ikaishia kwenye kaunta ile ile kwa kununua yadi mbili za merikani. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza tangu mwaka 1907, aligawa mbegu na kuwahimiza machifu walimishe watu wao. Ufuta, ambao Wajaluo wanauita nyim na waliujua tangu zamani, ulistawi na kuuzwa nje kwa wingi. Allidina aliweka kinu cha kukamua mafuta hapo Kisumu. Duka lake, basi, lilikuwa na milango miwili: wa kuingiza nguo na wa kutolea mazao, na anayepita mlango mmoja hakosi kupita wa pili.

Ziwani, serikali ilikuwa na meli zake: William Mackinnon, ambayo vipande vyake vilibebwa vichwani kutoka pwani na kuungwa Kisumu, kisha Winifred na Sybil. Allidina naye alikuwa na vyombo vyake vya kusafirishia bidhaa. Winston Churchill, alipopita Kisumu mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliona na baadaye kuandika kwamba mfanyabiashara wa Kihindi ndiye aliyekuwa akifika mahali ambapo Mzungu hakuthubutu kukaa.

Uwezo mkubwa wa Allidina haukuwa katika duka lolote moja. Ulikuwa katika mkopo. Kijana aliyeshuka Mombasa kutoka Gujarat bila senti aliweza kupewa kazi na Allidina, kisha baada ya miaka michache akapewa majora kadhaa ya nguo kwa mali kauli na kutumwa mahali pasipokuwa na duka. Akiuza, analipa na kuchukua mengine. Kwa njia hiyo maduka yalitawanyika kuuzunguka ukingo wa ziwa. Uganda haikuwa na benki hadi mwaka 1906, na kabla ya hapo hata maofisa wa serikali walitegemea maduka yake kwa kupata fedha taslimu. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa ni ule ule uliokuwa nguvu yake. Kila kitu kilikaa katika madeni, na madeni yalikaa katika kichwa cha mtu mmoja aliyejua nani ni mwaminifu na nani si mwaminifu.

Kisha ikaja pamba yenyewe. Mwaka 1903 kampuni ya Uganda, iliyokuwa na uhusiano na misheni ya Kianglikana, iligawa mbegu kwa machifu wa Buganda, na mavuno ya kwanza yaliyopelekwa nje yalikuwa marobota 54. Zao hilo lilishika kwa haraka mno. Mwanzoni watu walichambua pamba kwa vinu vidogo vya kuzungusha kwa mkono, majumbani na kwenye vijiji, lakini mwaka 1908 serikali ya Gavana Hesketh Bell ilipiga marufuku vinu hivyo ili kulinda sifa ya pamba sokoni Uingereza. Tangu hapo mkulima hakuruhusiwa kuuza ila pamba yenye mbegu, kwa mwenye kinu cha mashine. Amri hiyo haikumdhuru mwenye mtaji. Allidina alikuwa miongoni mwa Wahindi wa mwanzo kuingia katika biashara ya kuchambua pamba, pamoja na mashamba, sabuni, soda na mbao alizokuwa akishughulika nazo tayari.

Marobota hayo yalivuka ziwa hadi Kisumu, yakapakiwa katika mabehewa na kushuka Mombasa. Kwa muda yalikwenda Liverpool, lakini wanunuzi wa Bombay walikuwa wameanza kuyaona, na katika miaka ya 1920 viwanda vya India ndivyo vilivyokuwa vikichukua sehemu kubwa. Pamba ya ziwa ikawa inakwenda Bombay, inafumwa, na inarudi kuuzwa ziwani. Nyanza yenyewe haikufuata mkondo huo kwa moyo. Mbegu ziligawiwa, kinu cha kuchambulia kikajengwa Kisumu, lakini wakulima wengi walipiga hesabu zao: ufuta hulika, na pamba hailiki. Maofisa waliita huo uvivu.

Pamoja na ukwasi wake Allidina hakuwa na haki zote za mtu huru. Nyanda za juu zilizopitiwa na reli iliyomtajirisha ziligawiwa Wazungu, na Wahindi wakaelekezwa kwenye maeneo ya joto kama Kibos, nje kidogo ya Kisumu, ambako walilima miwa. Mwaka 1900, akiwa na kina Jeevanjee na Savle, alishiriki kuunda chama cha Wahindi wa Mombasa ili kutetea maslahi yao. Hakuwa mtu wa majukwaa. Alipendelea kutoa, na alitoa kwa upana: kwa jamaa zake wa Ismailia, kwa hospitali, kwa Msalaba Mwekundu, na hata kwa ujenzi wa kanisa kuu la Waanglikana huko Namirembe. Wapo waliouona ukarimu huo kuwa ni dini na wapo waliouona kuwa ni busara ya biashara katika nchi ambayo magavana walikuwa Waanglikana. Yamkini yote mawili ni kweli, na kanisa lilihitaji matofali.

Vita vilivyoanza mwaka 1914 viliukata ukingo wa kusini wa ziwa, uliokuwa wa Wajerumani, na kuyatenga matawi yake ya huko. Allidina, mzee wa zaidi ya miaka sitini, hakuketi. Alikwenda Kongo kwa shughuli za biashara, huko akashikwa na homa, na katikati ya mwaka 1916 akafariki dunia.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Mohandas Gandhi alikuwa amerejea India kutoka Afrika Kusini. Alizaliwa Porbandar, ng'ambo tu ya ghuba ya Kutch, na alikuwa wakili wa wafanyabiashara waliofanana sana na Allidina. Baada ya miaka michache aliwataka Wahindi wote warudi kwenye gurudumu la kusokotea uzi, wavae khadi iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono, na mwaka 1921 nguo za kigeni zikachomwa moto hadharani mjini Bombay. Allidina hakuuona moto huo. Nguo aliyoiuza maisha yake yote haikuwa khadi. Na hata merikani ya Bombay, ingawa ilikuwa ya Kihindi, ilikuwa ya mashine, na Gandhi hakuikubali kuwa sawa na kazi ya mkono. Vitanda vya mfumi vya Kutch havikufa vyote. Wapo wafumaji huko hadi leo, wakiuza nguo zao ghali kwa watu wa miji ambao babu zao walizikimbia.

Kampuni ilibaki mikononi mwa mwanawe, Abdulrasul, lakini madeni yaliyokuwa yakiishi katika kichwa cha baba hayakukubali kuhamia kwa mtoto. Bei za mazao zilianguka baada ya vita, rupia ikaondolewa na kuwekwa shilingi, na mdeni aliyemwogopa au kumheshimu mzee hakuona sababu ya kumlipa mrithi. Katika miaka ya 1920 dola hiyo ya maduka ilisambaratika. Kabla ya hapo Abdulrasul alikuwa ametoa fedha za kujengea shule kwa kumbukumbu ya baba yake. Ilifunguliwa Mombasa mwaka 1923 na bado ina jina la Allidina Visram. Sanamu yake iko mjini humo humo, katika bustani ya Treasury Square.

Kisumu, biashara ya nguo haikusimama hata wiki moja. Wengi waliokuwa mawakala wake walikuwa na maduka yao wenyewe kufikia wakati huo, na majora yaliendelea kushushwa stesheni, kupimwa kwa yadi na kuuzwa, baadhi yao wakiwa bado wanadaiwa na marehemu.